Pikapu Iliyogoma Njia ya Koboko

Saa saba mchana, kilomita kumi na tano kabla ya mji wa Koboko, boksi moja la vifaranga lilianza kuteleza nyuma ya pikapu. Swaibu akasimama pembeni, akazima injini ili alifunge upya. Aliporudi na kugeuza ufunguo, stata ilizunguka lakini injini haikuwaka.

"Usiniambie," alisema mkewe, Zam.

Akajaribu tena, na tena.

Pikapu hiyo kuukuu ilikuwa na ugonjwa huu tangu Agosti. Ukimleta fundi, inawaka mara moja. Mafundi watatu wa mji wa Arua waliipima wakasema ni nzima. Betri ilibadilishwa, lakini haikusaidia. Siku Zam alipotoka hospitali ya Kuluva, tumbo bado lina nyuzi, alikaa langoni tangu asubuhi akimngoja mumewe, mpaka jioni. Swaibu alisema pikapu ilimgomea njiani. Kesho yake iliwaka ufunguo ulipogeuzwa mara moja tu, Zam akitazama, naye akaamua kwamba mumewe alikuwa mahali pengine. Hakuuliza wapi. Tangu hapo maneno nyumbani yalipungua.

Sasa walikuwa na vifaranga mia mbili wa siku moja, waliowachukua Arua. Ilikuwa Januari, nyasi zimechomwa, hakuna kivuli popote. Waliyashusha maboksi na kuyasukuma chini ya mkia wa pikapu. Bodaboda mmoja alisimama, lakini alikuwa amepakia magunia ya mkaa. Lori likapita bila kupunguza mwendo. Zam alifunua boksi: vifaranga walikuwa wakihema midomo wazi, na wa pembeni walikwisha kulala.

"Wanakufa, Baba Sumayah! Fanya kitu!"

"Nifanye nini? Mimi si fundi!"

Swaibu akampigia Faruk, fundi wa Koboko.

"Iko inagoma sasa hivi?" Faruk aliuliza. "Basi usikate simu, mzee. Toa waya moja ya plagi, chomeka plagi ingine, laza juu ya chuma ya injini. Mama apige stata."

Zam aligeuza ufunguo. Swaibu aliiinamia plagi yake ya akiba kutazama.

"Hakuna cheche."

"Gusa koili. Ile kopo nyeusi ya kupeleka umeme kwa plagi, waya nene inatoka juu yake."

Swaibu aliurudisha mkono haraka. "Inaunguza!"

"Ni hiyo. Ikipata moto inakufa, ikipoa inarudi. Ndiyo maana sisi hatuioni. Mwagia maji polepole, juu kwenye waya usiguse."

Maji yalibaki nusu ya kidumu, nayo yalikuwa ya vifaranga. Zam aliyatazama maboksi. Kisha akakileta kidumu mwenyewe.

Mvuke uliruka. Mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya pili, hakuna. Zam alikuwa akilia waziwazi. Mara ya tatu cheche ya bluu iliruka kwenye plagi, na Swaibu akapiga kelele, "Iko! Iko!"

Walipakia maboksi mbiombio, koili imezungushiwa kipande cha leso kilicholowa.

"Siku ile ya Kuluva," Zam alisema njiani, "ilikuwa hivi?"

"Hivi hivi. Nilikaa juani siku nzima."

"Uliniambia."

"Nilikuambia."

Ilizimika tena karibu na mji. Maji yote yaliyobaki yakaishia kwenye koili, na vifaranga hawakupata hata tone mpaka walipofika nyumbani.

Sitini na tisa walikuwa hai. Zam aliwanywesha kwa kifuniko cha chupa, mmoja mmoja, mpaka mkono ukafa ganzi. Wale wengine hakuweza kuwagusa. Swaibu aliyabeba maboksi yao, akachukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba.