Boroni za Indumati

Mimi Damle, daktari wa fizikia, ni mtu mzima ovyo. Naanza na hilo nisije nikajitetea mbele ya safari.

Maabara yetu ya Bombay ilirusha puto kutoka Hyderabad, limebeba vioo vilivyopakwa dawa ya picha. Huko juu miale ya kosmiki, yaani viini vya atomi vinavyozurura kwenye galaksi yetu tangu vilipotupwa na nyota zilizolipuka, ilipenya vioo ikaacha mistari. Mwembamba ni hidrojeni, mnene ni chuma. Msaidizi wetu, Indumati Vaidya, aliikagua kwa hadubini, mmoja mmoja, na kuandika ni nini. Kazi hiyo aliipenda kuliko kula.

Akaandika boroni nyingi, elementi nyepesi kidogo kuliko kaboni. Nikamcheka. Nyota hazina boroni ya maana, kila aliyesoma anajua. Itatoka wapi, sokoni Dadar? Hadubini hata sikuigusa. Nilichukua kalamu nyekundu, nikageuza boroni zake kuwa kaboni, kisha nikamwambia mkuu wetu kwamba yule binti ana macho mabovu. Wakamhamishia stoo. Hakubisha, maskini.

Baada ya miaka miwili zikaja habari kutoka maabara nyingine: boroni ipo, tena tele. Haikutoka nyotani. Kaboni na oksijeni husafiri mamilioni ya miaka, hugonga gesi iliyotanda kati ya nyota, huvunjika, na baadhi ya vipande ndiyo boroni yenyewe. Nilitoa vile vioo vya zamani, nikaketi kwenye hadubini siku tatu. Indumati hakuwa amekosea. Aibu ilinishika, nikaenda kumtafuta.

Nilimkuta stoo na miwani minene usoni, anasoma lebo ya chupa karibu aiguse kwa pua. Nikamweleza yote. Nikamwomba arudi kwenye hadubini.

"Dada, macho yako yalikuwa mazima," nikasema. "Mimi ndiye niliyeharibu."

Akainua uso kutoka kwenye lebo. "Daktari, uliposema sioni, niliamini. Nilienda kupimwa mara nne. Mpimaji aliniambia sina tatizo, nikamwona yeye ndiye hajui kazi. Nilimng'ang'ania mpaka akanipa hii miwani. Kila siku kichwa kinaniuma."

Akaivua. Akanyoosha mkono, chupa ikawa mbali naye, akaanza kusoma yale maandishi madogo ya chini kabisa. Aliyasoma yote bila kukosea, na mimi nikashindwa kumtazama.