Mgogo na Maji

Samaki yule hakuwa wa dunia hii. Alikuwa wa kwenye gemu, kwenye bahari ya sayari ya mbali, macho manne na meno mpaka utosini. Joshua alimbatiza Mwenyenyumba, kwa kuwa humjia mtu siku aliyoishiwa. Joshua mwenyewe alizaliwa Kibakwe na bahari hakuwahi kuitia machoni. Kila alipomezwa na samaki huyo, Masudi, mwanafunzi mwenzake aliyekaa naye chumba kimoja Ipagala, alimtupia maneno yale yale: "Mgogo na maji wapi na wapi." Naye Joshua hakukawia: "Beba mzigo wako, Mnyamwezi." Utani wa makabila yao, Wagogo wa nchi kame na Wanyamwezi wapagazi wa misafara, ni wa tangu mababu, na wao waliula kila siku kama ugali.

Mara ya mwisho Joshua aliliacha gemu katikati. Alikuwa amejificha pangoni, hewa imebaki kidogo, Mwenyenyumba anamzungukia nje. Tena safari hii alichagua kucheza kwa uhai mmoja: ukifa, vyote ulivyojenga vinafutika. Akamwambia Masudi asiguse kitu, akirudi kutoka nyumbani atajinasua mwenyewe. Pikipiki iliyompakia kutoka Mpwapwa ikagongwa na lori.

Msibani macho yote yalikuwa kwa Masudi. Mtani ndiye wa kuzuia jeneza, kumsema marehemu, kuwachekesha wafiwa hata wasipotaka. Masudi alisimama kaburini, akafungua kinywa, akalia. Aibu hiyo alirudi nayo Ipagala, na kompyuta ya Joshua hakuigusa.

Sasa Emilia, mama yake Joshua, alikuwa amefuata vitu vya mwanawe. Masudi alimwamkia shikamoo na kumfungia nguo begini. Mama akaomba aonyeshwe yule samaki aliyesimuliwa kila simu ilipopigwa. Masudi akajaribu kukwepa. Alimweleza kwamba akifungua, huenda nyumba aliyoijenga Joshua chini ya maji ikapotea yote.

"Fungua, mwanangu," alisema Emilia. "Mimi nimeshamzika mwenyewe."

Masudi akafungua. Mikono iliyotokea kwenye kioo ilikuwa ya Joshua. Masudi akaitoa pangoni, akaogelea kwa nguvu zake zote kuifuata nyumba, taa zake zikionekana kwa mbali, akimwomba Mungu kimoyomoyo kama mtoto. Mwenyenyumba akatokea chini. Kioo kikawa cheusi.

Emilia akauliza, "Huwa unamwambiaje? Kule kaburini nilikungoja, mtani. Ukalia kama sisi."

"Mgogo na maji," Masudi alisema, "wapi na wapi."

Akasubiri kujibiwa, kwa mazoea. Hapo ndipo alipojua kweli kwamba Joshua hayupo.

Emilia alicheka. Alicheka huku machozi yakimdondokea kwenye khanga, kicheko chake cha kwanza tangu wazike. Kisha akalisukuma begi la mwanawe mpaka miguuni pa Masudi.

"Beba mzigo wako, Mnyamwezi," alimwambia.

Masudi akaliweka begani. Lilikuwa jepesi, na hakujua angelifikishaje stendi.