Kambale Mwenye Kukata Daraja

Parokia ilitaka karatasi za majina mbele ya siku ya Mungu, juu ya misa ya bafu bote, bale balikufa. Karatasi iko na pande mbili: huku bafu, kule bale bangali safarini. Mama alinipa kalamu mimi, kwa sababu niko nasoma masomo ya mangaribi na mukono yangu sasa inanyooka. Niliandika baba. Niliandika mashangazi babili. Kiisha nikafika ku Paluku, yaya wetu, ndugu yetu mukubwa, na kalamu ikasimama.

"Mama, huyu namuweka wapi?"

"Muulize ndugu yako. Ndiye alitoka naye."

Ndugu yangu Phinées alirudia hapa Butembo miezi tatu iliyopita, peke yake. Yeye na Paluku balikuwa bamekimbia mapigano upande wa Beni, pamoja na batu wa kijiji kimoja. Tukimuuliza habari ya Paluku, anasema kichwa inamuuma. Mwanamuke mumoja wa Lubero, mwenye alikimbia pamoja nabo, anamuletea gunia ya viazi kila siku ya soko, anamuita mwokozi. Phinées anashukuru, anaweka gunia ku kona, na hagusi hata kiazi kimoja.

Lakini hadithi, hiyo anatoa. Kila mangaribi, tukiwa tunapopoa maharagi, kuzitoa maganda, karibu na mbabula ya makaa, binti yangu Victoire anamukalia ku magoti, na yeye anaanza.

Kulikuwa Kambale, shujaa wa milima, mwenye panga ya radi. Nyama ya Ukungu, munyama mukali, ikashuka, ikameza nyumba, ikameza mbuzi na kengele ya kanisa. Kambale akavusha batu makumi ine ku daraja ya kamba, juu ya muto Semuliki. Yeye akavuka wa mwisho, akageuka, akakata kamba kwa pigo moja. Nyama ikaanguka mu maji, batu bakamuimbia mpaka jua ikatoka.

Victoire alikuwa ameisikia mara kumi. Siku ile akashika maharagi mbili mu kiganja, akaziangalia.

"Mujomba, Kambale ni kijana wa pili, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Donc, basi kulikuwa Paluku. Yeye alienda wapi?"

Kwetu hata mutoto wa miaka sita anajua: kijana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale. Phinées ni jina ya batizo tu; mama alipomuzaa alimuita Kambale. Alikuwa amemupa shujaa jina yake mwenyewe, akasahau kwamba ile jina haitembei bila mukubwa wake.

Phinées akatia ganda chini.

"Alikuwa nyuma, mu ukungu. Alirudia kubeba muzee mwenye alishindwa kutembea."

"Na nyama?"

"Nilisikia miguu. Mingi."

Alisema "nilisikia", hapana "alisikia". Nikaacha kupopoa.

"Miguu ya nyama ao ya batu?" Victoire akauliza.

"Mu ukungu, mutoto wangu, miguu yote ni ya nyama. Daraja ikaanza kutikisika. Batoto balikuwa nyuma yangu banalia, na panga ilikuwa mu mukono."

Mama alikuwa amesimama ku mulango wa jikoni, sijui tangu lini.

"Paluku alikuita?"

"Mama, maji ilikuwa inapiga kelele. Siku zingine nasikia aliniita. Siku zingine nasikia hapana."

"Sasa Kambale ni mubaya?" Victoire akauliza. Mimi nilifikiri juu ya batoto ba yule mama wa viazi, babili, banene, banakimbia mu soko.

"Ulimuona anaanguka?" mama akauliza.

"Sikuona kitu."

"Mutu mwingine aliona?"

"Hapana."

"Basi usimuweke na bafu," mama akaniambia. "Muandike safarini."

"Lakini mama," Phinées akasema pole pole, "kama ni mimi nilimu..."

"Ile sikukuuliza. Nimekuuliza kama ulimuona."

Nikaandika Paluku, herufi kubwa, upande wa bale ba safarini. Phinées akaweka kidole chini ya ile jina.

"Mimi pia," akasema. "Chini yake. Sijafika bado."

Nikamuangalia mama. Hakukataa. Nikaandika Kambale chini ya Paluku.

"Sasa anza tena, mujomba," Victoire akasema, "na bote babili."

Mama akaenda ku kona, akafungua gunia, akatoa viazi sita, akaanza kuziosha. Phinées alimuona. Akajikohoza kidogo, akasema kulikuwa ndugu babili, na mukubwa ndiye alikuwa anajua njia.

Wakati viazi ziliiva, alikula kimoja.