Uzazi wa Gobore la Mhoja

Mwenyekiti wa kijiji alipopita na kipaza sauti nyuma ya bodaboda, Paskazia alikuwa barazani akimenya karanga za mbegu. Tangazo lilikuwa lile lile la siku zote: mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe ofisi ya kata kwa hiari, hatashtakiwa; atakayeificha, sheria itamfuata huko huko alikoificha. Ndani, mumewe Mhoja alikuwa analipaka gobore lake mafuta, taratibu, kuanzia kitako hadi mdomoni. Paskazia alisikia kitambaa kikiteleza juu ya chuma, akaitafuna mbegu moja kwa hasira.

Gobore hilo lilikuja Unyamwezi na babu wa babu yake Mhoja, aliyebeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo akalipwa bunduki. Kibali halijawahi kuwa nacho. Mhoja alisema mtu anayefukuza nguruwe pori shambani kwake haombi ruhusa, hiyo ni haki aliyozaliwa nayo. Kitandani lililala upande wa ukutani, Mhoja katikati, Paskazia upande wa mlangoni kwenye baridi.

Tangu waoane Paskazia hakuwa amepata mtoto. Alishamsihi Mhoja waende wote wawili hospitali, Tabora mjini, wakapimwe. Mhoja alijibu kwamba yeye si ng'ombe wa mnada. Mama yake, Ng'washi, hakuzunguka mbuyu: mavuno yakiisha, kijana wake ataoa mwingine, binti mmoja wa Ulyankulu.

Wiki ile ya tangazo gobore lilijifungua mapacha. Mhoja aliamka alfajiri akakuta vigobore viwili vimelala kando ya mtutu, bado vina joto. Alikuwa ameona kwa muda kwamba mtutu umenenepa, akadhani ni kutu. Ng'washi aliitwa, akawakagua, akasema huyu ni Kulwa na huyu aliyefuata ni Doto, kama wanavyoitwa mapacha wote wa huku. Majirani walikuja kucheza ngoma ya mapacha na kuimba matusi yake, kwa sababu mapacha wasipoimbiwa matusi huwa wanaugua. Walileta na uji wa ulezi. Ulimiminwa mdomoni mwa gobore kidogo kidogo, likanywa wote. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeliita tena gobore. Waliliita Mama Kulwa.

Hapo ndipo wivu ulipomkaba Paskazia. Alikuwa na wivu hata wa ule uji. Wanawake wenzake wote wa kijijini walishapoteza majina yao kwa watoto wao, yeye tu ndiye aliyebaki Paskazia, kama msichana wa shule, na sasa alikuwa anatumwa maji ya kumwogesha mzazi.

"Si umeona?" Mhoja alimwambia, amempakata Kulwa. "Mimi sina tatizo. Habari za hospitali nisizisikie tena."

Paskazia alisubiri mumewe aende shambani. Akamfunga Mama Kulwa kwa khanga, akawalaza mapacha kwenye kikapu, akashika njia ya ofisi ya kata. Hakwenda kwa kuipenda sheria. Alitaka mwanamke yule atoke nyumbani mwake, basi.

Kwenye foleni alimkuta mzee Shilinde na gobore lake lililofungwa kamba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Mzee alifunua khanga, akachungulia na kikapuni, akatabasamu. "Hongera sana, Mama Kulwa."

"Asante, babu," alisema Paskazia, moyo ukimruka. Kisha akaona kwamba mzee alikuwa anazungumza na mtutu.

Askari aliyekuwa anapokea silaha aliwapima mapacha kwa kiganja.

"Mama yao ana kibali?"

"Hana, afande. Na hao pia hawana."

"Mama yao ningempokea sasa hivi. Lakini sheria niliyopewa inataja silaha, haitaji silaha inayonyonyesha. Nikiwatenganisha, hawa watanifia. Rudi nao, uwalee mpaka waache ziwa, halafu uwalete wote."

"Wachukue leo. Nakuomba."

"Wewe mwenyewe ni mzazi, mama. Unajua."

"Mimi si mzazi."

Askari akasema pole, akamwita aliyefuata.

Njiani Doto alianza kulia, ikabidi Paskazia ambebe mgongoni. Alipofika nyumbani habari zilikuwa zimeshamtangulia. Mhoja alikuwa amesimama mlangoni na mama yake, na Paskazia akajiandaa kupigwa. Mhoja hakumgusa. Alimpokea Mama Kulwa, akaupapasa mtutu kwa kiganja, kisha akawapapasa watoto, mmoja mmoja.

"Wamepigwa na baridi njiani?"

Paskazia alimtazama. Swali hilo angeulizwa yeye mara moja tu, kwa mvua zote zilizomnyeshea akitoka shambani kwa mwanamume huyu, angemsamehe hata ya hospitali.

"Kidogo," alisema. "Doto anakohoa."

Ng'washi akasema maji ya moto yabandikwe haraka. Akasema pia kwamba posa ya yule binti wa Ulyankulu ipelekwe mapema, hakuna haja ya kungoja mavuno, maana sasa kijiji kizima kimeona kwamba Mhoja hana kasoro.

Paskazia akaenda kubandika maji.