Mkoba wa Gobore

Mzee Lameck aliweka mikoba miwili juu ya mkeka, akavuta kigoda. "Haya, chagua," akamwambia binti yake Priska.

Nguruwe pori walikuwa wamekwisha kufyeka robo ya mahindi ya kitongoji chao, huko milimani Kibakwe. Mikono ya Lameck, iliyolinda mashamba yale miaka thelathini, siku hizi ilitetemeka hata kwenye kikombe cha chai. Kibali cha gobore kilishatoka kwa jina la Priska, na wanakijiji walishaafiki. Aliyebaki ni mzee mwenyewe, naye aliapa hamkabidhi mtu bunduki ya kushindilia kabla ya kuuona mkoba wake wa baruti na risasi ulivyopangwa. Asiyejua kupanga mkoba, nguruwe atamkuta bado anapekua!

Priska akaupita ule mkubwa wa ngozi ya ng'ombe, wenye mifuko sita, fahari ya baba yake. Akachukua mdogo wa ngozi ya mbuzi.

"Huo si wa kuendea kanisani?" Lameck alimdhihaki.

"Kwenye mkubwa mkono unapotea, baba. Humu natia vidole tu, nimepata."

Mzee akanuna, lakini macho hayakubanduka. Priska alishapima baruti katika vipande vitano vya mwanzi, kila kimoja kwa mlio mmoja, akaviziba kwa nta. Hivyo vikakaa mbele. Nyuma yake matambara ya kushindilia, kisha gololi za risasi, kila moja imeviringishwa kwa kitambaa zisigongane, maana nguruwe ana masikio. Sindano ya kuzibulia tundu la moto la gobore akaichomeka kwenye mkanda. Fataki, vile vikofia vidogo vya kuwashia baruti, hakuzitia mkobani kabisa. Alizipachika kwenye kipande cha ngozi, akakivaa shingoni, mbali na baruti.

Lameck alisahau kununa. Kazi safi, jamani! Akamwamuru afumbe macho, atoe kitu kimoja kimoja kwa utaratibu wa kushindilia. Vidole vya Priska havikubabaika hata kidogo.

Ndipo mzee akashtuka. Fataki za kuvaa shingoni namna ile alipata kuziona kwa mtu mmoja tu: Petro, mwanawe wa kiume, aliyehamia Dodoma mjini. Mkoba wa Petro aliusifia kilabuni miaka nenda miaka rudi.

"Petro ndiye aliyekufundisha?"

Priska akafumbua macho. "Petro alikuwa mvivu wa kupanga, baba. Nilikuwa nampangia mimi."

Lameck aliona haya mno, na papo hapo akajisikia fahari. Akainuka, akalitungua gobore ukutani, akampa binti yake kwa mikono miwili, kama apewavyo mkubwa.

"Nisamehe, mama," akasema.