Mkono wa Shosho Unaonguruma

Ninatangaza kwa heshima zote kwamba sikuchaguliwa kumpeleka shosho yangu, yaani bibi yangu, kliniki kwa sababu ya upendo. Nilichaguliwa kwa sababu mimi ni mwongo.

"Mwongo anajua mwongo mwenzake," alisema Shosho Watiri akifunga kitambaa cha kichwa. "Ukiona huyo daktari anatudanganya, nikanyage mguu."

Figo zake zilistaafu zamani. Katika mkono wake wa kushoto kuna mshipa ulioungwa ili damu ipite kwa nguvu kwenda kwa mashine ya kuisafisha. Mshipa huo hutetemeka kama posho mili inayosaga mahindi kijijini Gakindu, na kila asubuhi yeye huugusa kabla ya kusali. Wiki hii ulififia. Mshukiwa wa kwanza nilikuwa mimi, kwani likizo iliyopita niliingiza simu inayotetemeka ndani ya mkono wa sweta yake, naye, akidhani ni mshipa, akamsifu Mungu robo saa nzima.

Kule Nyeri mjini, Daktari Munene alimpaka mafuta baridi, akatelezesha kifaa juu ya ngozi, akaonyesha kioo.

"Mshipa umekuwa mwembamba hapa, Mama. Tusipoupanua utaziba, tuanze kukuwekea mrija shingoni."

Shosho hakutazama kioo. Alitazama kiatu changu.

"Ati huo ni mkono wangu? Hiyo ni video ya mtu mwingine."

Nilisimama kwa uzito wa hakimu. "Daktari, nipime mimi kwanza."

Alicheka, akanipima. Vimishipa vyembamba, vya kawaida kabisa. Kifaa kikarudi kwa Shosho.

"Kunja ngumi, Shosho," nikaamuru.

Picha ikasogea.

"Achilia."

Ikatulia. Nilichungulia hata nyuma ya mashine, vumbi tu. Kisha nikaliona kiooni bano la mshipa, damu ikijipenyeza kama wanafunzi wa kidato cha kwanza mlangoni mwa bwalo. Mguu wangu haukusonga.

"Ni kweli, Shosho."

"Mbona huchekicheki?"

Nikampa mkono wangu aushike.

"Haya, daktari. Fanya."

Alipigwa ganzi. Daktari akapitisha waya, kisha kibaluni kidogo, macho yake yakiwa kiooni muda wote. Kibaluni kikafura penye bano, mshipa ukapanuka. Shosho alinibana vidole hadi vikafa ganzi bila sindano.

Mwishowe aligusa mkono. Posho mili ilikuwa ikisaga. Nikajiandaa kupokea shukrani.

"Kingori," akasema, "toa simu. Weka pale mezani, mbali."

Nikaiweka. Akagusa tena, akasikiliza kwa vidole. Ndipo akafumba macho na kuanza kumsifu Mungu, na safari hii robo saa haikutosha.