Kiyoyozi Mlimani

Tangu waingie jangwa la Bonde la Mauti, Rhonda na mdogo wake Wade hawakuwa wamesemeshana ila kwa kutukanana.

"Unaendesha kama umebeba mayai," Wade alisema.

"Gari langu, mguu wangu. Ukitaka mbio, shuka ukimbie."

Hakushuka. Nje jua lilikuwa linakaanga mawe, na shetani mwenyewe angepita pale angeulizia kivuli.

Safari ilikuwa ya harusi. Mama yao, Verna, bibi wa miaka sabini na ushei, alikuwa anaolewa jioni ile Las Vegas na Lyle, mzee aliyemaliza ujana wake akigawa karata kwenye kasino. Rhonda alikuwa na kazi moja: kumshika mama mkono na kumfikisha mbele ya mfungisha ndoa. Wade naye alikuwa na yake, na hakuificha.

"Wakiuliza nani ana pingamizi, nasimama. Mgawa karata hawezi kukalia kiti cha baba."

"Baba hayupo, na kiti ulikichukua wewe."

"Nitasimama mbele ya watu, Rhonda. Mama atalia, halafu atanishukuru."

Rhonda alimjua. Wade akiahidi ujinga, huutimiza kwa bidii ambayo hakuna bosi aliyewahi kuiona.

Barabara ikaanza kupanda kutoka bondeni. Kando kulikuwa na kibao: zima kiyoyozi, injini isichemke. Waliokulia pande zile hawahitaji kukisoma. Wakiuona mlima huzima, hushusha vioo, huchemka wao ili gari lisichemke. Rhonda akazima. Wade, aliyehamia Seattle kwenye mvua na kusahau alikotoka, akawasha.

"Hukuona kibao?"

"Hicho ni cha magari mabovu. Unataka nife humu?"

"Wazo si baya."

Akazima. Mdogo mtu akawasha. Rhonda akanyoosha mkono kuzima tena, ukasita njiani. Wazo lilimjia, baya na tamu kama embe la kuiba. Akikizima sasa, watawahi harusi, na Wade atasimama. Akaurudisha mkono kwenye usukani.

"Haya, bwana mkubwa. Ongeza baridi basi."

Akakanyaga mafuta. Mshale wa joto ukapanda haraka kuliko gari. Kabla ya kilele, mvuke ulifoka kwenye boneti, na pikapu ikafia ukingoni mwa barabara.

Simu hazikuwa na mtandao. Wade alishuka akitaka kufungua kifuniko cha rejeta.

"Fungua," Rhonda alimwambia. "Uso huo hauna cha kupoteza."

Akaacha. Wakakaa kwenye kivuli chembamba cha gari, kila mmoja na chupa yake, wakingoja injini ipoe ili waiongeze maji. Saa ya harusi ilifika wakiwa hapohapo, ikapita.

"Ulijua," Wade alisema hatimaye.

"Kibao ndicho kilichojua. Mimi nilinyamaza tu."

Waliingia Vegas taa zote zimewaka. Mama walimkuta kwenye ukumbi wa kasino, gauni la harusi mwilini, amekaa mbele ya mashine ya kamari. Lyle alikuwa amemshikia viatu. Verna hakuinuka.

"Nani alikupeleka mbele, Mama?" Rhonda aliuliza.

"Mlinzi wa mlangoni. Ananuka vitunguu, lakini alikuja."

Basi Rhonda akamweleza yote, pingamizi na kiyoyozi, huku Wade akilikodolea macho zulia. Alipomaliza alingoja shukrani. Verna alibonyeza kitufe, picha za matunda zikazunguka, zikasimama, hakuna kitu.

"Wade," alisema. "Keti."

Wade aliketi kwenye kiti cha mashine ya jirani.

"Umeona, Rhonda? Huyu nimemfunga nepi. Angesimama, ningemwambia neno hilohilo, na harusi ingeendelea. Nani alikwambia nahitaji kulindwa dhidi yake? Nilikuhitaji wewe, na wewe ukachemsha gari."

"Mama, nilifanya kwa ajili yako."

"Lyle, nivalishe viatu. Tukale."

Wazee wale wakaondoka taratibu kati ya mashine. Rhonda akapiga hatua kuwafuata.

"Na wewe keti," Verna alisema bila kugeuka.

Kilikuwepo kiti kimoja tu kitupu, na kilikuwa kando ya Wade.